Maswali ya wasomaji: Kuhama kampuni ya bima baada ya kulipwa fidia ya gari

SWALI: Ndugu Mshauri, nina gari dogo aina ya Toyota IST ambalo kwa miaka kadhaa nimelikatia bima kubwa, yaani ile inayolipia hata gari langu mwenyewe, katika kampuni moja bila kudai chochote. Mwaka jana daladala iliniparamia kwa nyuma nikiwa nimesimama kwenye mataa ya Buguruni. Trafiki walipima ajali, dereva wa daladala alikiri kosa, na gereji ikanyoosha bodi na kubadilisha bampa na taa za nyuma kwa shilingi 2,300,000, ambazo kampuni yangu ililipa isipokuwa 250,000 za kwanza nilizobeba mwenyewe. Sasa bima inakaribia kuisha na nimeletewa ada mpya: badala ya asilimia 3.5 ya thamani ya gari, yaani shilingi 420,000 kwa gari la milioni 12, wanataka asilimia 4.5, yaani 540,000, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Nilipolalamika kwamba kosa halikuwa langu, nilijibiwa kuwa dai ni dai. Wakala wa kampuni nyingine ameniletea bei ya shilingi 332,500, naye katika fomu ameshanijazia kwamba sijawahi kudai fidia, akisema kuwa mambo ya kampuni ya zamani hayamhusu mtu. Je, nihame? — Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kuhama ni haki yako, na mkataba wa bima ya gari ukishafika mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kukudai sababu. Wazee wenye magari wanakumbuka kwamba kabla ya sheria ya mwaka 1996 kufungua soko la bima, mwenye gari wa Tanzania Bara alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ni Shirika la Bima la Taifa. Leo kampuni ni nyingi na zote zinagombea wateja hao hao, kwa hiyo mwenye gari asiyeulizia bei kwa wengine anapoteza nafasi ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Hata hivyo, bei uliyoletewa ina matatizo mawili, na la fomu ndilo kubwa zaidi.

Fomu ya maombi ya bima huuliza kama umepata ajali au kudai fidia katika miaka michache iliyopita, na mara nyingi huuliza pia kama kuna kampuni iliyowahi kukukataa, kukuongezea ada au kukuwekea masharti ya pekee. Maswali yote mawili yanakuhusu. Wakala anayejaza fomu kwenye boneti ya gari, akiweka alama ya “Hapana” kila mstari huku akikuuliza namba ya simu, anafanya hivyo ili aondoke na ada siku hiyo hiyo. Lakini sahihi ya chini ni yako, na maneno yaliyo juu ya sahihi hiyo yatahesabiwa kuwa yako. Mkataba wa bima umejengwa juu ya wajibu wa mwombaji kusema kweli yote anayoijua kuhusu hatari inayokatiwa bima. Jaji Mansfield wa Uingereza aliueleza wajibu huo katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm mwaka 1766, na msingi huo uliingia katika sheria zetu pamoja na urithi mwingine wa kisheria wa Kiingereza. Adhabu yake ni kali: kampuni iliyofichwa jambo la maana inaweza kuuhesabu mkataba kuwa haukuwahi kuwapo, hata kama ajali ya sasa haihusiani kabisa na lile lililofichwa.

Usitegemee kwamba hawatajua. Wakati wa kupokea ada hakuna anayepekua sana, ila wakati wa kulipa fidia kila karatasi husomwa. Mkadiria hasara atakayetumwa gerejini ataona mahali bodi iliponyooshwa na rangi ya nyuma isiyolingana na ya ubavuni, atauliza kazi hiyo ilifanyika lini na nani aliilipia, na kwa namba ya usajili na ya chesisi ataweza kuiuliza kampuni yako ya awali. Kwa hiyo mwambie wakala alete fomu nyingine, uijaze kwa mkono wako, uandike mwezi wa ajali, kiasi kilicholipwa na kwamba uligongwa kwa nyuma ukiwa umesimama, kisha uambatishe nakala ya ripoti ya polisi ya PF 90. Iwapo baada ya hapo bei itapanda, basi hiyo ndiyo bei yako halisi katika kampuni hiyo, na ile ya kwanza ilikuwa bei ya mtu mwingine.

Sasa tuitazame hiyo 332,500, ambayo nilipoisoma ilinifanya nichukue kikokotoo. Asilimia 3.5 ndiyo kiwango cha chini kilichozoeleka kwa bima kubwa ya gari binafsi nchini, na anayekuletea bei iliyo chini sana ya hapo lazima awe amegusa kitu kingine. Ukigawa 332,500 kwa 3.5 na kuzidisha kwa mia moja unapata 9,500,000. Wakala, basi, hakukupunguzia ada hata kidogo, bali amelishusha gari lako kutoka milioni 12 hadi milioni tisa na nusu, jambo ambalo huenda limeandikwa katika ukurasa ambao hukuonyeshwa. Gari likiibwa au likiharibika kabisa, kampuni haitavuka kiasi hicho. Likiharibika kidogo, mikataba mingine ina kipengele kinachosema kwamba gari lililokatiwa bima chini ya thamani yake halisi litalipiwa kwa uwiano huo huo, na mwenye gari atabeba sehemu iliyobaki.

Uliza pia kiasi utakachobeba mwenyewe kwa kila dai, ambacho watu wa bima hukiita eksesi, kwa sababu hukukitaja katika bei hiyo mpya, na kwa mteja aliyewahi kudai kampuni nyingi hukipandisha badala ya kupandisha ada. Tuchukue mfano kwamba kampuni mpya inataka ubebe 500,000 na mkataba wake una kile kipengele cha uwiano, kisha ajali ile ile ya shilingi 2,300,000 ikutokee tena. Kwa uwiano wa milioni 9.5 kwa milioni 12, kampuni itakubali takriban 1,820,000, na ikiondoa 500,000 utabaki na 1,320,000. Kampuni yako ya sasa, ikiwa eksesi yake haijabadilika, ingelipa 2,050,000. Umeokoa 207,500 katika ada, lakini umepoteza zaidi ya 700,000 katika fidia. Ndiyo maana nawasihi wasomaji wasilinganishe bei kabla ya kuzifanya zote zihusu gari lenye thamani ile ile na eksesi ile ile. Bei zisizosimama juu ya msingi mmoja hazilinganishiki. Nisisitize pia kwamba thamani hiyo iwe ya kweli, kwa kuwa gari lililokuwa la milioni 12 mwaka juzi huenda leo sokoni linauzwa milioni 11, na kampuni hulipa thamani ya soko siku ya hasara hata kama wewe ulilipia ada ya zaidi.

Kuhusu kosa lisilo lako, uchungu wako naufahamu, na kwa maoni yangu jibu la “dai ni dai” ni la uvivu. Ni kweli kwamba punguzo la kutodai hutolewa kwa asiyedai, bila kujali nani aliyekosea, na kwamba kampuni huhesabu fedha zilizotoka. Lakini baada ya kukulipa, kampuni yako ilipata haki ya kusimama mahali pako na kumdai mwenye daladala pamoja na kampuni iliyomkatia bima. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo kuwa na bima kwa ajili ya vifo na majeraha ya watu wengine, na mikataba mingi ya bima ndogo sokoni, yaani ile isiyolipia gari lako bali madhara unayowasababishia wengine, hulipia pia mali ya mtu wa tatu hadi kiwango kilichoandikwa. Andika barua, si kupiga simu, uiulize kampuni yako kama imeshazidai fedha hizo na kama imezipata. Ikiwa zimerudi, una hoja nzito ya kutaka urudishiwe kiwango cha asilimia 3.5, kwa sababu hasara yao imefidiwa na wengine. Ikiwa hawajadai kabisa, waulize kwa nini uzembe wao ulipiwe na wewe. Nimeona ada zikishuka kwa barua ya aina hiyo, hasa inapomfikia meneja badala ya kuishia kaunta.

Katika barua hiyo hiyo omba historia yako ya madai, yaani waraka unaoonyesha miaka uliyokaa nao, dai moja ulilotoa, kiasi kilicholipwa na mazingira yake. Waraka huo ndio utakaoupeleka kwa kampuni nyingine, na miaka mingi isiyo na dai iliyofuatwa na dai moja la kugongwa kwa nyuma inasomeka vizuri kuliko unavyodhani. Anza kutafuta walau mwezi mmoja kabla ya bima kuisha. Ukiweza, mtumie dalali wa bima aliyesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, kwa sababu dalali humwakilisha mteja na anaweza kukuletea bei za kampuni kadhaa, ilhali wakala huiwakilisha kampuni. Gari liwe limeshatengenezwa lote kabla ya kukaguliwa, maana mkwaruzo utakaopigwa picha siku ya ukaguzi hautalipiwa kamwe. Ukishalipa, hakiki stika ya kielektroniki katika mfumo wa TIRA kwa namba ya gari, uone tarehe zinaungana na za mkataba wa zamani bila kuacha hata siku moja wazi katikati.

Endapo kampuni yako itakataa kujibu, au ukaona umeonewa kwa namna inayovunja mkataba, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye humsikiliza mlalamikaji bila kumtoza ada. Tambua tu kwamba yeye hushughulikia zaidi fidia zilizokataliwa au kucheleweshwa. Bei ya mwaka ujao bado ni jambo la makubaliano kati yako na unayenunua kwake.

SWALI: Ndugu Mshauri, nimelipwa mara mbili kwa vioo vya pembeni na taa zilizoibwa kwenye gari langu la zamani la thamani ya shilingi milioni 6. Kampuni sasa inataka 300,000 kabla ya kodi, na nikiibiwa tena vifaa nibebe 300,000 za kwanza. Jirani ananishauri nikate bima ndogo ya shilingi 118,000 niachane nao. Yuko sahihi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwa masharti hayo kampuni imekwishaacha kukulipia vioo. Jozi ya vioo na taa isiyofika shilingi 300,000 utainunua mwenyewe, hivyo ondoa vioo kabisa katika hesabu yako na ujiulize swali moja: gari likiibwa zima au likipinduka, unaweza kupata milioni 6 mfukoni mwako bila kukopa? Kama unaweza, jirani yako ana hoja, kwa sababu ukiongeza kodi ya asilimia 18 bima kubwa itakugharimu 354,000, na tofauti ya 236,000 kila mwaka unaweza kuiweka akiba. Kama huwezi, au kama gari limewekwa dhamana benki, ambapo mkataba wa mkopo kwa kawaida hudai bima kubwa, usihame.

Kuna bima ya katikati ambayo mawakala huisahau kwa kuwa kamisheni yake ni ndogo, nayo ni ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Hulipa gari likiungua au likiibwa, ila ajali yako mwenyewe na vifaa vilivyochomolewa mara nyingi haiviingizi, kwa hiyo soma kipengele cha wizi kabla ya kulipa. Kwa gari la umri huo linalolala nje, mimi ningeomba bei ya bima hiyo kwanza.

Vyovyote utakavyoamua, chonga namba ya usajili kwenye vioo vyote na kwenye taa, upige picha, na picha hizo uziambatishe na fomu ya maombi, ambamo utayaeleza madai yote mawili. Kampuni kadhaa hulegeza sharti la vifaa zikiona namba imechongwa, na fundi wa kuchonga hatakuchukulia zaidi ya saa moja. Subiri pia mkataba wa sasa umalize mwaka wake, kwani aliyekwisha kulipwa fidia kwa kawaida harudishiwi ada ya miezi iliyobaki.