Korona walihesabuje na sisi hatukupimwa?

SWALI: Salaam alaykum dada. Mimi naendesha tuktuk hapa Kisauni, Mombasa. Juzi kwenye kahawa tumebishana mpaka mwenye dele akatuambia tushushe sauti. Mwenzangu anasema namba za korona za 2020 zilipikwa tu, maana mtaani kwetu hakupimwa mtu, mimi sikupimwa, mamangu hakupimwa, sasa hao watafiti walijuaje ni wangapi walioipata?

JIBU: Waalaykum salaam kaka. Mwenzako nusu yuko sawa. Zile namba za kwenye TV kila siku zilikuwa za waliopimwa wakakutwa nayo, basi. Tangu mgonjwa wa kwanza Machi 2020 mpaka 31 Julai, Kenya nzima iliandikisha wagonjwa 20,636 na vifo 341, ukigawa kwa watu milioni 47 na kitu unapata kama mtu mmoja kwa kila 2,300, na yule aliyeumwa akajifukiza mwarobaini akapona kwake hayumo.

Sasa watafiti wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa magonjwa pale Kilifi, walifanya ujanja mmoja naupenda sana. Hawakumsaka mgonjwa, walisaka alama anayoachiwa na ugonjwa. Mwili ukipigana na kirusi unatengeneza kingamwili, zinabaki kwenye damu kwa miezi hata kama mwenyewe hakuhisi kitu. Na damu ilikuwepo tayari! Watu wanajitolea damu, kila mfuko lazima upimwe ukimwi na homa ya ini kabla haujapewa mgonjwa, kile kinachobaki kwenye kichupa ndicho walichoomba. Wakakusanya sampuli 3,098 za kati ya Aprili na Juni 2020, hakuna aliyechomwa sindano ya ziada.

Kipimo chenyewe ni kisahani cha plastiki unakishika kwa mkono mmoja, kina vishimo 96 vidogo kuliko ncha ya kidole. Kila kishimo kimepakwa protini ya ile miiba ya kirusi. Unatia yale maji ya manjano yanayotengana na damu, kama kingamwili zimo zinanata pale, unaosha, unatia dawa, kishimo kinabadilika rangi, ambacho hazimo kinabaki hivyo hivyo kama maji. Mashine inasoma rangi imekolea kiasi gani.

Waliokutwa nazo walikuwa 174, yaani asilimia 5.6. Na hapa mwambie mwenzako asikilize vizuri, maana mpishi wa namba angeongeza chumvi lakini hawa walipunguza. Walikuwa wamekijaribu kipimo kwenye damu ya 2018 waliyoiweka kwenye friza, wakati huo korona hata jina haina, na bado kama sampuli moja kwa mia ikajibu "ipo". Kwa hivyo uongo wa kipimo lazima utolewe kwenye hesabu. Halafu wanaotoa damu wengi ni vijana wa kiume wenye afya zao, wazee kama mamako hawamo kabisa, ikabidi hesabu ipangwe tena kwa umri, jinsia na eneo la nchi. Ikashuka mpaka asilimia 4.3 kwa nchi. Mombasa kwenu ikatoka 8, juu kuliko Nairobi yenye 7.3. Yaani katika kila watu wazima 12 unaowapakia kwenye tuktuk, mmoja alikuwa ameshapita nayo, na pengine alikulipa nauli akashuka zake bila hata kupiga chafya.

SWALI: Shikamoo dada. Bibi yangu alifia nyumbani 2021, kijijini karibu na mji wa Kilifi, alikuwa na kikohozi na pumzi zinambana, hospitali hakufika. Je, amehesabiwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, Mungu amrehemu. Kwa jina la korona, hapana, bila kipimo haandikwi. Lakini kuna hesabu nyingine haiulizi kipimo, inauliza tu mwaka huu wamekufa wangapi kuliko kawaida, kwa sababu yoyote ile. Kwa njia hiyo shirika la afya duniani, WHO, lilipata vifo vya ziada karibu milioni 14.9 kwa 2020 na 2021, wakati nchi zote zilikuwa zimeripoti kama milioni 5.4 tu.

Tatizo ni kwamba kwetu vifo vingi vya nyumbani haviandikishwi, kwa hiyo hujui hata kawaida ni ngapi. Kilifi wana bahati kidogo, tangu 2000 KEMRI wanapita nyumba kwa nyumba kwenye eneo la watu kama 300,000 wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani katutoka. Palipofiwa wanarudi baadaye na kukaa na familia, kikohozi kilianza lini, pumzi zilibana siku ngapi, alikuwa na sukari au presha? Kama kijiji cha bibi kimo kwenye eneo lile basi yumo. Muulize mamako kama kuna mtu alikuja na karatasi au tableti, akakaa pale barazani akauliza siku za mwisho za bibi zilikuwaje.