"Haishiki Kutu" Katika Maji Gani?

Nasikia taka za mionzi huunguzwa ndani ya maji ya moto sana. Si watengeneze mitambo hiyo kwa stenlesi tu? (Ujiji)

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hasemi majini mna nini. Maji yakipita nyuzi 374 kwa shinikizo mara 218 ya hewa ya kawaida, si maji tena wala si mvuke. Humo oksijeni huunguza taka kama mafuta, glavu na resini, yaani punje za plastiki za kuchujia maji. Sasa angalia kinachozaliwa: plastiki ya PVC ina klorini, resini nyingi zina salfa, na vikiungua unapata asidi ya hidrokloriki na ya salfuriki. Stenlesi ya daraja la 316 hujikinga kwa ngozi nyembamba ya oksaidi ya kromi. Kloridi, yaani klorini iliyomo katika asidi hiyo, huitoboa, na bomba linaweza kupasuka kabla hujaona doa.

Tena msidhani palipo na moto zaidi ndipo panapoliwa zaidi. Aloi (metali za mchanganyiko) za nikeli kama Inconel 625 huumia hasa kwenye mabomba ya kupashia na kupozea, chini kidogo ya nyuzi 374, maana hapo maji bado ni mazito na asidi ina makali yake. Juu ya hapo asidi hulegea, lakini chumvi hugoma kuyeyuka, nazo huziba njia.

Kwa hiyo mionzi nayo inaungua? (Kasulu)

Hapana. Kinachopungua ni wingi wa taka. Sesiamu-137, moja ya vitu vinavyotoa mionzi, inabaki ileile.

Titani je? (Mwanga)

Inavumilia kloridi kuliko nikeli. Asidi ya salfuriki katika joto hilo huila. Anayekuuzia aloi ya kuhimili kila kitu anakuuzia maneno.

Stenlesi ipi haishiki kutu kabisa, ya kuchemshia maji ya chumvi? (Uvinza)

Hakuna. 316 ina molibdeni, metali inayoongeza kinga, itachelewa kuliko stenlesi ya daraja la 304, kagua palipochomelewa. Na acheni kupima kwa sumaku dukani! Sumaku haiwezi kutofautisha 304 na 316.

Vyuma vya mitambo hiyo vikichakaa vinauzwa wapi? (Kibondo)

Haviuzwi ovyo. Chuma kilichoshika taka za mionzi nacho ni taka mpaka kipimwe na kusafishwa. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, kifaa cha hospitali chenye sesiamu kilipasuliwa kwa ajili ya chuma chakavu; watu 4 walikufa. Wanunuzi wa vyuma, mkikuta alama ya mionzi, mapanga matatu meusi kama ya feni kwenye njano, msikate wala msipasue. Sogeeni mbali, zuieni watoto, mwite polisi au Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.