Dada wa Langoni, usimpandishe huyo kijana boti ya Mokowe

Wee dada uliyeandika hapo juu, hebu simama kwanza. Unasema kijana wako wa kidato cha tatu anasikiza gengetone na drill usiku kucha, kanyoa kiduku, ukimsemesha anakujibu shule haina pesa, kwa hivyo Ijumaa unamvusha maji kutoka Lamu mpaka Mokowe, umpeleke Witu huko bara kwa mjombake akae shamba bila simu mpaka akili imrudie. Halafu unauliza programu ya kuzuia nyimbo, na qasida kama zitamsaidia, na yule binti mdogo naye umfanyeje. Na watu wamekujaa hapa hongera mama, hongera mama. Hongera ya nini? Mie niko Malindi, nilifanya hivyo hivyo, na kama si hivyo sahii ningekuwa na tuktuk ya pili.

Wangu nilimtoa mjini, tunakaa Maweni, nikampeleka bara ya Magarini kwa bibi yake, mama mkwe wangu, ukishapita Marafa unaendelea tu. Nikasema huko hata stima ni ya kubahatisha, atamsikizia nani muziki, mbuzi? (Hao mbuzi wakumbuke.) Simu nikamnyang'anya stendi mbele ya watu, nikajiona baba kweli kweli.

Wazo halikuwa langu, niseme mapema. Kulikuja jamaa mmoja mkutano wa wazazi, mtaalamu wa malezi ati, suti kwenye joto la Malindi, projekta, na kitabu chake cha kuuza mlangoni. Akatwambia muziki wa sasa umetengenezwa makusudi kuharibu watoto, ati nyimbo zingine ukizipiga kinyumenyume unasikia ujumbe wa shetani. Mie nimekaa pale natikisa kichwa kama mjusi. Dawa yake ilikuwa moja: mtoe mtoto kwenye mazingira, mpeleke kijijini kwenye maadili. Kijijini kwenye maadili! Huyo mtu sidhani amewahi kulala kijiji chochote Kilifi hii siku ya matanga. Mambo yalipoharibika nikampigia simu, akanambia nije semina ya pili, kiingilio kimepanda kidogo. Nikimkuta mjini ananyoosha mkono kusimamisha tuktuk, jamani, atatembea mpaka Watamu.

Sasa sikiza. Nyinyi wa Lamu pengine hamuijui sana disko matanga. Mtu akifa huku bara, familia haina pesa ya jeneza, gari, chakula cha wageni, basi usiku wanaleta dijei. Jenereta, spika mbili ndefu zimefungwa kamba kwenye mkorosho, taa moja ya rangi, na watu wanatoka vijiji vyote vya karibu wanakesha. Wakubwa wameshapiga marufuku mara ngapi sijui, chifu anatangaza, mapolisi wanakuja wanabeba spika, wiki ijayo ziko boma jengine. Manake shida ya jeneza haijapigwa marufuku. Na wanaokesha si wazee, ni watoto wa shule, wavulana kwa wasichana, hakuna mzazi, mangwe ya mnazi iko hapo pembeni, muguka, yale majani ya kutafuna, unauzwa kwenye kikaratasi. Mimba za wanafunzi zikihesabiwa Kilifi hii, hizo disko zinatajwa kila mara, na hilo silifanyii mzaha.

Dijei anapiga nini? Zile zile! Zile zile nilizomkimbiza nazo mjini, tena kwa spika inayotikisa bati. Mjini alikuwa anazisikiza kitandani kwake mimi niko chumba cha pili, na saa nne nikigonga ukuta anazima. Huko anazisikiza gizani mpaka alfajiri, na simu sikumwachia hata ya kumpigia nikajua yuko wapi. Bibi mtu ana miaka yake, akishaswali isha kalala.

Na kuna mchezo wao huo, wa kutunza. Ukitoa mia unatajwa jina kwenye maikrofoni, ukitoa mia tano wimbo unaanza upya kwa ajili yako, ukitoa elfu dijei anakuita bosi na kila mtu anageuka kukuangalia. Mtoto wa miaka kumi na sita, mgeni, hana rafiki, baba kamtupa, aitwe bosi mbele ya wasichana wote wa lokesheni. Wewe ungefanyaje? Mie hata kwa umri huu ningeuza kitu.

Aliuza mbuzi wa bibi. Mmoja mmoja, kwa mchinjaji wa senta, bei ya kutupa kwa sababu mchinjaji naye anajua mtoto anauza mbuzi saa za shule hakutumwa na mtu. Tulivyojua ni hivi. Kulikuwa na msiba boma la tatu kutoka kwao, bibi mwenyewe kaenda kuhani, kakaa na kina mama wenzake kwenye mkeka ndani ya nyumba, nje disko linaunguruma, mara anasikia dijei anapaza sauti bosi wa Malindi katoa elfu moja, wimbo urudi mwanzo! Kina mama wakaulizana ni tajiri gani huyo wa Malindi aliyekuja msibani, bibi naye akasema masikini Mungu ambariki. Asubuhi akafungua zizi. Wanne hawapo.

Nimelipa mbuzi wanne kwa bei ya mkwe, si bei ya soko, na mwenye wakwe anajua tofauti. Nimelipa karo ya muhula ambao hakukaa darasani, akarudia kidato. Na mke wangu akawa ananipikia kimya kimya. Mbuzi wanalipika, ile kimya ndiyo iliyonimaliza.

Sasa msinitoe nje ya mada, najua kuna mtu atakuja kusema kwa hivyo muziki hauna athari. Unayo. Kijana kutaka kuitwa bosi amelisikia mahali. Lakini mbona hatusemi na kile anachokiona? Mtoto wa Malindi kakua anaona mabichi boi, wale vijana wa ufuoni, wanapewa nyumba na wazungu, kaka wa jirani juzi hana ndala leo ana pikipiki na hakuna anayeuliza. Wimbo ukimwambia pesa huja bila kazi haumfundishi kitu, unamkumbusha. Na hii si mpya. Mamangu alikuwa na kanda za Zein na za Malika, taarab ile na mafumbo yake, kwani ilikuwa dua? Chakacha je, kiuno kile kilikuwa cha mazoezi ya viungo? Tofauti ni kwamba ilipigwa nyumba nzima ikisikia, na nyanya akiona umecheka pasipostahili anakukata jicho.

Ndio maana kufungia hakusaidii. 2019 bodi ya filamu ya Kenya ilitangaza nyimbo za Wamlambez na Tetema zisipigwe nje ya klabu na baa. Haya, taja mtoto wa darasa la nne wakati ule ambaye hakuzijua zote mbili mpaka mwisho. Wengine walizijua baada ya kutangazwa!

Kuhusu ile programu uliyouliza ya simu, mie naona… ah, hebu nimalize hili kwanza kwa sababu ndilo lenyewe. Sheria nyumbani kwangu ni moja. Vile vya kuweka masikioni marufuku, spika ruhusa. Nilimnunulia spika mwenyewe, ndogo ya kuchaji, nikaiweka ukumbini karibu na jiko. Piga chochote, kwa sauti, sote tusikie. Nyumba za Langoni zimebanana najua, jirani atasikia. Asikie! Ndiyo faida yake. Adhana ikilia atazima mwenyewe, hutamwambia.

Siku za mwanzo alipiga kwa kiburi, anataka nikasirike. Ikaja ile moja, mistari michafu imo ndani ya sheng, mamake anakaanga samaki pale, akageuka na mwiko mkononi akauliza taratibu, mwanangu, huyu anasema amemfanya nini huyo msichana? Kijana akaanza ah mama ni stori tu za Nairobi, huwezi… jasho linamtoka kuliko anayekaanga. Wimbo ule haukurudi nyumba ile. Siku hizi ikikaribia ya aina hiyo na mamake yuko, anaruka mwenyewe, na sijamkataza hata moja. Aibu inataka masikio ya watu, ukimziba yake mawili inakosa pa kufanyia kazi.

Msidhani amekuwa sheikh. Kiduku kiko pale pale, sasa kimetiwa rangi, na arbantone anaipiga mpaka mie mwenyewe najikuta naimba nikiwa na abiria. Lakini najua anasikiza nini, na nani, na saa ngapi, na wale marafiki zake wanakuja kusikizia kwangu, nawaona sura.

Kwa hivyo dada, nauli ya Witu nunua spika. Leo usiku mwambie akupigie huo unaokukera zaidi, uusikize wote, usimkatize hata ukisikia neno la kukutoa jasho. Ukiisha muulize tu, huyu anayeimba hizi pesa kazipata wapi? Halafu nyamaza. Wangu alieleza mpaka wali ukashika chini ya sufuria na hakuna aliyeinuka kuutoa.