Chachu kwenye chupa moja ya damu: turudie kipimo au tuanze dawa?

SWALI: Daktari, salamu kutoka Arua, Uganda. Mimi ni afisa tabibu wodi ya upasuaji. Tuna mama aliyepasuliwa utumbo wiki mbili zilizopita. Homa haimwachi licha ya antibiotiki, seftriaksoni kisha meropenemu. Ana katheta, yaani mrija wa dawa, kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Tulipeleka maabara chupa mbili za damu kuoteshwa ili vijidudu vikiwemo vikue, moja imeota chachu. Mkuu wetu anasema ni uchafu wa ngozi, turudie kwanza. Dawa za fangasi tulizonazo ni flukonazoli na amfoterisini B. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, anzeni dawa leo. Wapo bakteria wa ngozi ambao wakiota chupa moja kati ya mbili tuna haki ya kuwashuku kuwa ni uchafu. Kandida, chachu inayoshukiwa hapa, haimo katika kundi hilo, hata ikiota chupa moja tu. Rudieni kipimo, lakini dawa iwe tayari inaingia. Na kikitoka safi kisiwahadae: kuotesha damu hunasa takriban nusu tu ya wagonjwa walio na kandida ndani ya mwili, kwa kuwa inaweza kukaa tumboni au kwenye ini bila kuonekana kwenye damu.

Dawa ipi? Waombeni maabara wachanganye chachu hiyo na seramu ya binadamu, waiweke kwenye nyuzi 37 kwa saa mbili hadi tatu, kisha waitazame kwa hadubini. Ikichipua kamrija, karibu hakika ni Candida albicans, na flukonazoli kwa kawaida huiweza: miligramu 800 siku ya kwanza, kisha 400 kila siku. Isipochipua, au mama akiwa na presha inayoporomoka, au aliwahi kupewa flukonazoli karibuni, mimi ningeanza na amfoterisini. Candida krusei haiguswi na flukonazoli, na Candida auris mara nyingi huishinda.

Utafiti wa mwaka 1994 uliolinganisha dawa hizi mbili kwa wagonjwa 206 ulikuta asilimia 79 walifanikiwa kwa amfoterisini na 70 kwa flukonazoli, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Mwaka 2007 anidulafungini, dawa ya fangasi ya kundi la ekinokandini, iliipita flukonazoli, asilimia 75.6 kwa 60.2, ndiyo maana miongozo hutanguliza kundi hilo. Lakini mgonjwa wenu anatibiwa kwa kilichopo kabatini.

Hapa nawasihi sana: someni chupa ya amfoterisini kabla ya kupiga hesabu. Ya kawaida ni miligramu 0.7 hadi 1 kwa kilo kwa siku. Ya liposomu, yaani iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, ambayo wodi zetu huijua kwa meninjaitisi ya kriptokoka, ni 3 hadi 5. Anayetoa ya kawaida kwa dozi ya liposomu anaweza kuua. Zote huchanganywa kwenye dekstrosi ya asilimia 5, kamwe si salaini, maana huganda. Ila kabla ya ile ya kawaida mpeni lita moja ya salaini kwa mshipa kulinda figo, na mpime kreatinini na potasiamu mara kwa mara.

Katheta ya shingoni itolewe mapema iwezekanavyo. Tumbo nalo lipigwe picha ya ultrasaundi. Usaha ukiwepo, dawa peke yake haitatosha.

Oteshesheni damu kila siku au kila baada ya siku moja. Siku 14 za matibabu zinahesabiwa kuanzia damu ya kwanza iliyotoka safi, si kuanzia dozi ya kwanza. Ndani ya wiki ya kwanza mtaalamu wa macho amtazame kama kandida imefika machoni, hata kama mama halalamiki.