Fundi Aonyeshe Kidole Chake

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ulikosea kumwambia yule mgeni wa Linux, huo mfumo endeshi wa kompyuta mnaoutumia, katika kundi lenu la kusaidiana mtandaoni, kwamba akasome maelekezo kwanza kabla ya kuwasumbua watu wenye kazi zao. Nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimejikuta nikiikumbuka ile kompyuta ya ofisini kwetu mwaloni mwaka 2003, ambayo nadhani hujaisahau.

Asubuhi moja namba za upande wa kulia wa kibodi zilikataa kuandika. Zile za juu ziliandika, lakini mwenye magunia mia tatu ya dagaa ya kuingiza kabla lori halijaondoka hawezi kuzidonoa moja moja. Fundi akaja, akaiinamia kibodi hata nisione kitu, akabonyeza mahali fulani, kisha akawageukia vijana wa kupakia waliokuwa mlangoni na kusema, "Mama huyu anahitaji miwani, si fundi." Wakacheka. Akachukua shilingi 10,000 akaenda zake. Wiki ya pili namba zikakataa tena, nami nikaona afadhali nihangaike na zile za juu siku tatu kuliko kumwita yule kijana. Ni wewe, uliyepita kunisubiri ukitoka shule, uliyeuliza kwa nini ile taa ndogo ya kijani haiwaki, ukabonyeza Num Lock, kitufe kinachowasha na kuzima zile namba za kulia. Nilikununulia sambusa mbili, na tangu siku hiyo nasema, nanyi mmekwisha kuchoka kunisikia: fundi aonyeshe kidole chake.

Najua utanijibu kwamba kundini hakuna anayelipwa, na kwamba swali lilelile huulizwa mara kumi kwa juma. Ni kweli. Hata mimi nilimrudisha karani wangu mpya kwenye daftari la bei mara nyingi, na alijifunza zaidi kwa kulisoma kuliko kwa kuniuliza. Lakini nilimtajia ukurasa. Hapo ndipo ninapokwama, maana hukuniambia kama nawe ulimtajia mwenzako ukurasa, au ulimwambia "kasome" basi.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba Agosti 1991 Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, aliwauliza watu mtandaoni wangependa kuona nini katika mfumo endeshi aliokuwa akiutengeneza. Kumbe hata Linux yenu ilianza na mtu aliyeuliza. Ukanieleza pia kwamba mwaka 2018 aliomba radhi hadharani kwa ukali wa barua pepe zake kwa wenzake, na kwamba wapo wanaompa mgeni, kwa mzaha tu, amri ya kufuta faili zake zote. Yule fundi wangu, pamoja na ubaya wake, angalau aliondoka namba zikiandika. Naona namtetea sasa, na sipendi.

Sitaki kukuhukumu, kwa kuwa sikuyaona maneno yako wala simfahamu uliyemjibu. Huenda alikuwa mvivu kweli. Ila umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba hajauliza kitu tena tangu Jumamosi. Leo ni Jumanne, na mimi nilitumia zile namba za juu siku tatu.

Mama yako