Mlango mpana zaidi, uache nje ya hesabu

Ninyi mnaoanza kazi ya usalama viwandani, kabla ya kofia ngumu na fomu za ukaguzi, nunueni tepu ya kupimia. Ramani ya jengo itakwambia mlango wa dharura una milimita 1,050. Nenda ukaupime mwenyewe, na uende zamu ikiwa kazini.

Kiwanda cha kwanza nilichopewa kilikuwa cha nguo, hapa Nairobi. Ukumbi mmoja mrefu wa cherehani, watu 300, milango miwili ya kutokea: mmoja wa 1,050, mwingine wa 850. Nilikuwa na jedwali la Uingereza nililofundishwa chuoni. Upana wa 750 hupitisha watu 60, 850 watu 110, 1,050 watu 220, na juu ya hapo unahesabu milimita 5 kwa kila mtu. Nikajumlisha 220 na 110, nikapata 330, nikaandika "inatosha" na kutia sahihi.

Injinia aliyenisimamia alisoma ripoti mpaka mwisho, kisha akauliza: "Moto ukianzia pale penye mlango mkubwa, hawa watu watapita wapi?"

Sikuwa na jibu. Jedwali lenyewe linakutaka uchukulie kwamba mlango mmoja umezibwa na moto, na uwe ule mpana kuliko yote. Nilikuwa nimekariri tarakimu, kanuni hiyo nikairuka. Ukiutoa ule wa 1,050, unabaki na mlango wa watu 110. Watu 190 hawana pa kutokea, na mimi nimeshaweka sahihi kwamba wanapo. Tangu siku hiyo naanza hesabu kwa kutoa, ndipo najumlisha.

Sasa, huo upana wenyewe. Mlango unaouzwa kama wa 900 hautakupa 900. Ufungue mpaka nyuzi 90, pima kutoka kwenye uso wa mlango hadi ukingo wa fremu upande wa pili, na utakuta unene wa mlango umekula sehemu. Mlango wa mabawa mawili ndio mbaya zaidi, kwa sababu bawa moja huwa limefungwa kwa komeo juu na chini miaka nenda miaka rudi. Pale kwetu komeo la juu lilikuwa limepakwa rangi pamoja na fremu, limeganda. Fundi alilipiga nyundo mara nne ndipo likasogea. Bawa la namna hiyo lihesabu kama ukuta. Halafu angalia nje: nilishawahi kufungua mlango mzuri kabisa, hatua mbili mbele kuna marobota ya vitambaa yamepangwa mpaka kifuani.

Kuhusu kufuli nitasema wazi. Utaambiwa ni kwa sababu ya wizi, na mwenye kiwanda huenda hasemi uongo. Wizi upo. Lakini hata New York, tarehe 25 Machi 1911, katika kiwanda cha Triangle Shirtwaist, mlango wa upande wa Washington Place ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na sababu iliyotajwa ilikuwa hiyo hiyo. Moto ulipowaka, walikufa watu 146, wengi wao wasichana. Karachi, Pakistan, mwaka 2012, kiwanda kingine cha nguo kiliungua: madirisha yenye nondo na milango iliyofungwa, walikufa zaidi ya 250. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka aliye ndani aweze kufungua kwa urahisi na papo hapo. Ufunguo ulio mfukoni mwa askari aliyekwenda kunywa chai haufungui chochote papo hapo. Mwombe mwenye kiwanda aweke komeo la kusukuma kwa mwili, lenye king'ora. Mwizi atasikika, na mshonaji atatoka.

Hesabu ya watu nayo usiichukue kwenye orodha ya mishahara, maana vibarua hawamo. Simama mlangoni uhesabu vichwa, na usikose saa ya kubadilishana zamu: wa asubuhi hawajatoka, wa jioni wameshaingia, na ukumbi wa watu 300 una karibu maradufu. Hii ndiyo saa ambayo ripoti nyingi nilizozisoma haziitaji.

Kukirekebisha kile kiwanda cha kwanza kulichukua miezi mitano. Nilirudi na karatasi moja tu yenye ile hesabu ya 110, nikamwonyesha meneja wa uzalishaji tukiwa tumesimama ukumbini, cherehani zikilia, tukiwatazama wale dada. Alinyamaza, akauliza ukuta gani unaweza kutobolewa. Ukatobolewa ule wa upande wa stoo, mlango mwingine wa 1,050, unaofunguka kwa nje. Sasa ukitoa mmoja mkubwa unabaki na 220 na 110. Zamu ya jioni husubiri kantini mpaka fundi wa mwisho wa asubuhi avuke lango.