Bosi anataka nitoe majina ya wageni

SWALI: Shikamoo Mama. Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya utalii hapa Arusha. Mimi ndiye ninayejibu barua pepe za wageni na kupanga safari zao. Masika haya wageni ni wachache, na bosi amekubaliana na rafiki yake mwenye hoteli Zanzibar wabadilishane majina: sisi tuwape orodha ya wageni wetu wote, wao watupe ya kwao, halafu kila mmoja atume matangazo yake. Nimeagizwa niitoe kwenye kompyuta niiweke kwenye flashi. Nilipouliza kama inaruhusiwa, akasema, "Wageni ni wetu, na wala hatuuzi, tunabadilishana tu." Orodha ina majina, barua pepe, simu, namba za pasipoti, na kwa wapanda mlima kuna majibu ya fomu ya afya. Naogopa kukataa, nina mtoto yuko shule. Nifanyeje?
Msomaji, Sakina

JIBU: Marahaba mwanangu. Flashi hiyo iache mezani kwanza.

Hoja ya bosi wako naifahamu vizuri. Nimekaa kwenye dawati kama lako, Barabara ya Sokoine, enzi za faksi, na kadi za wageni zilikuwa zikiazimwa ofisi hadi ofisi kama masufuria ya shughuli. Hakuna mgeni aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyejua. Sasa wanajua. Mjerumani anayejaza fomu yenu anaweza kupachika alama ya kujumlisha na jina la kampuni yenu ndani ya anwani yake ya Gmail. Barua zitamfikia kama kawaida. Siku tangazo la hoteli ya Zanzibar litakapoingia kwa anwani hiyohiyo, hatahitaji kumuuliza mtu ni nani aliyemtoa. Na huyo ndiye mgeni anayeandika maoni marefu mtandaoni.

Tuje kwenye sheria. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msingi wake ni huu: taarifa uliyoichukua kwa kazi fulani uitumie kwa kazi hiyo, na ukitaka kuipeleka kwingine, umwombe mwenyewe. Mgeni wenu alitoa namba ya pasipoti ili akatiwe kibali na apate chumba. Hakuitoa ili mwenye hoteli asiyemjua amwandikie kila Pasaka. Kusema "hatuuzi" hakumsaidii bosi, maana kosa liko kwenye kuzitoa. Pesa ipite mkononi au isipite, taarifa zimeshatoka.

Adhabu ndiyo umsomee polepole. Kampuni ikipatikana na hatia ya kutoa taarifa za watu kinyume cha sheria, faini inaanzia shilingi milioni 1 na inaweza kufika bilioni 5. Mtu binafsi ni kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Na tafadhali kumbuka kwamba atakayekuwa amebonyeza vitufe ni wewe.

Hiyo fomu ya afya ndiyo iliyonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Wapanda mlima huandika humo mambo ambayo hata ndugu zao hawayajui: kisukari, presha, kifafa, ujauzito, dawa za msongo wa mawazo. Wanaandika kwa sababu kiongozi wa msafara lazima ajue nani wa kumwangalia zaidi wakifika kambi ya Barafu, Kilimanjaro, usiku ule wa kuelekea kileleni. Sheria inaziita taarifa binafsi nyeti, na kuzichakata kunataka ridhaa ya mwenyewe kwa maandishi. Hoteli ya ufukweni inazitakia nini? Mimi hata ndani ya ofisi yenu nisingeziacha kwenye jedwali moja na barua pepe. Mgeni akishashuka salama na hesabu za safari zikafungwa, uliza kwa nini bado mnazo.

Kuna jambo jingine ambalo wenye ofisi za utalii hulisahau. Wageni wenu wengi nadhani wanatoka Ulaya, na Umoja wa Ulaya una kanuni yake inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018. Inaigusa hata kampuni iliyoko nje ya Ulaya, mradi inawauzia huduma watu walioko huko. Chini ya kanuni hiyo mtu akisema hataki matangazo, mjadala umekwisha. Hamna nafasi ya kumwambia kwamba biashara yenu ina sababu nzuri.

Usije ukaogopa kila kitu sasa. Orodha ya majina mnayoitumia lodge ya Karatu ili wapange vyumba, au shirika la ndege linalowapeleka wageni Zanzibar baada ya mlima, hiyo ni sehemu ya safari waliyoinunua. Endelea nayo, ila tuma kinachohitajika tu.

Kwa bosi, usimkatalie mbele ya madereva. Ingia ofisini kwake asubuhi, ukiwa na njia mbadala mkononi. Mwambie: "Bosi, majina yabaki hapa kwetu. Mimi nitawaandikia wale waliokubali kupokea habari zetu, niitaje hoteli ya rafiki yako na bei yake, na anayeitaka atabonyeza kiungo chake mwenyewe. Na wao wafanye hivyo kwa safari zetu." Rafiki anapata wateja, nanyi mnapata, na hakuna jina lililovuka bahari. Kwenye fomu mpya ongezeni kisanduku cha ridhaa, kiwe kitupu, mgeni aweke tiki mwenyewe. Vile vinavyokuja vimeshawekwa tiki ni ujanja, na mimi vinaniudhi hata ninapokata tiketi ya basi.

Akikataa hilo pia, mwombe agizo lake kwa barua pepe. Utashangaa jinsi maagizo ya mdomo yanavyopungua nguvu yakitakiwa kuandikwa. Muulize vilevile, kwa adabu, kama kampuni imesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile iliyozinduliwa Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa, na sijui kama rafiki yake naye anao usajili huo.

SWALI: Mama, nilijaza kuponi ya bahati nasibu dukani hapa Moshi. Tangu hapo napata meseji za viwanja, mikopo na mafuta ya nywele. Namba yangu wameitoa wapi?
Mama wa Kiborloni

JIBU: Pengine ni kwenye kuponi, ingawa yale madaftari ya getini tunakoandika majina na simu juu ya majina na simu za waliotutangulia nayo siyaamini. Waandikie wanaokutangazia: waache kutumia namba yako, na wakueleze waliipataje. Vyote viwili ni haki yako kisheria. Wakikaidi, peleka malalamiko kwenye Tume niliyoitaja hapo juu, ukiambatisha picha za meseji. Zile za "hiyo pesa tuma kwenye namba hii" usizijibu kabisa, zipeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Kama bado una kipande cha kuponi, nipigie picha upande wa nyuma, kwenye maandishi madogo. Nataka kuona walikuomba ruhusa ya nini.